Kutembea na Kangethe

Kama kuna mtu Toronto nzima aliyejivunia Kiswahili chake, ni Luiza. Na haki yake. Alizaliwa Tanga, mtaa wa Chumbageni, binti wa karani Mgoa wa reli, akalelewa na yaya wa Kidigo ambaye hakumwachia mtoto kosa hata moja. Ukisema "kijiko yangu" mbele ya yaya yule, uji huupati mpaka useme "changu." Luiza hakulala njaa hata siku moja. Alipofika miaka kumi na miwili baba yake akafunga masanduku, familia ikahamia Kanada, na kile Kiswahili akaja nacho vile vile, kimefuliwa na kupigwa pasi kama gauni la komunyo ya kwanza. Tatizo la gauni la komunyo ya kwanza mnalijua. Ni la mtoto.

Hilo hakuna aliyemwambia, na nani angethubutu? Kwenye misa ya Kiswahili, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, Wakenya walikuwa wakimkimbia kwa sababu ya ngeli zake. Wakongo walimsikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kwenye Kifaransa chao. Watanzania walimsifu, "Mama Leanne, wewe Mswahili kutushinda," naye akavimba kichwa siku tatu. Nyumbani hakuwa na wa kusema naye. Mumewe, Jovito, alikuwa Mgoa wa Kampala, Kiswahili chake kilitosha kuagiza nyama tu. Na binti yao, Leanne, ukimsemesha Kiswahili anakuelewa nusu, anakujibu kwa Kiingereza.

Jovito alikufa mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini. Figo. Luiza wakati huo ana miaka sitini na minne, ameshastaafu ukarani katika ofisi ya bima kule Don Mills, na hakuwa na pa kwenda asubuhi. Aliwasha televisheni akaizima, na ukimwuliza alitazama nini, hajui. Kila Jumamosi alitoa gari la Jovito karakana, akalizungusha mtaa mmoja, akalirudisha, kwa sababu Jovito alikuwa akisema gari lisipoendeshwa betri hufa. Leanne, anayeishi mbali huko upande wa uwanja wa ndege, alikuja Jumapili moja moja. Alimwambia mama yake ajiunge na kikundi. Luiza akasema atafikiria, na hakufikiria.

Basi mwezi wa nane, baada ya misa, watu wako ukumbini chini ya kanisa wanakunywa chai na mandazi, akamjia Bwana Kangethe. Huyu ni mzee wa Nyeri, mrefu, kofia ya sufu kichwani kiangazi na kipupwe. Aliendesha basi la shule Toronto miaka ishirini. Mke wake alikuwa amekufa miaka tisa nyuma. Walikuwa wakisalimiana tu, salamu za kanisani.

"Mama Leanne," akamwambia, "hiyo chai imekufa."

"Chai haifi, Bwana Kangethe. Chai hupoa."

"Basi imepoa. Na wewe?"

Luiza akatazama kikombe chake. Kangethe akasema, "Kesho saa tatu asubuhi, kuja pale kwa maegesho, chini bondeni. Tutembee."

"Njoo. Haisemwi kuja."

"Ndio hiyo. Njoo."

Miaka hamsini na mbili Luiza ameishi Toronto. Bonde la mto Don amelipita kwa gari maelfu ya mara, kwenda kazini, kurudi kazini, kwenda hospitali na Jovito, kurudi bila Jovito. Aliliona dirishani, miti tu, kama unavyoona ukuta. Hajawahi hata siku moja kushuka. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa miti ilikuwa tele, na mtu wa kuitazama ndiye hakuwepo. Siku ya kwanza alishuka na viatu vya kanisani, akarudi na malengelenge mawili. Siku ya pili akaja na raba.

Wakaanza hivyo. Kila asubuhi saa mbili na nusu Kangethe alimbipu, simu inalia mara moja inakata, maana yake natoka nyumbani. Luiza alimwambia, jamani, hapa Kanada simu hulipi kwa dakika, piga tu nipokee. Kangethe akasema kubipu si mambo ya pesa, ni heshima. Ukimpigia mtu lazima asimame aongee, ukimbipu anajua tu uko. Luiza akacheka. Lakini baada ya wiki mbili alijikuta amekaa jikoni tangu saa mbili kamili, raba zimefungwa kamba, simu iko mezani, anaingoja.

Mwezi wa tisa ukaisha, na majani yakaanza. Mti wa jani lile la kwenye bendera ya Kanada ndio ulioanza, tawi moja tu juu, jekundu, halafu mwingine, halafu ukashuka bondeni asubuhi moja ukakuta kila kitu kimegeuka, njano na kahawia na nyekundu mpaka kwenye maji. Njia ilijaa. Majani yaliyolowa yalinuka kama majani ya chai kwenye birika usilolisafisha.

"Angalia hii majani," Kangethe akasema. "Imekuwa nyekundu yote."

"Haya majani. Yamekuwa mekundu. Jani hili, majani haya."

"Haya, mwalimu."

"Haya yapi, ya kukubali au ya majani?"

"Yote mawili. Wewe Mama Leanne utaua mtu na hii sarufi." Akainama akaokota jani, akamwonyesha. "Na huu wakati, unaitwaje kwa Kiswahili?"

"Vuli."

"Vuli ni mvua."

"Kwenye kamusi ni vuli."

"Kamusi haijaona hii kitu," akasema Kangethe, na hapo Luiza hakumsahihisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwao Tanga vuli ilikuwa mvua fupi na matope na nguo zisizokauka. Hakuna mtu Chumbageni aliyewahi kuona mti mzima ukiwaka hivi halafu ukavua kila kitu kwa siku kumi. Wakakubaliana kuuita wakati wa majani, basi.

Kangethe alikuwa na sheria moja. Kutoka daraja la mbao mpaka chini ya daraja la reli, mwendo wa dakika ishirini na zaidi, hakuna kusema. Luiza alipoambiwa aliona ni ukorofi. Kangethe akamweleza: miaka ishirini watoto arobaini wakipiga nduru nyuma ya kichwa chake asubuhi na jioni, sasa anataka masikio yake yapumzike, na hapo ndipo yanapopumzika. Siku za mwanzo kile kimya kilimtisha Luiza. Alikijua kimya, alikuwa nacho kizima nyumbani. Lakini hiki kilikuwa na nyayo nne ndani yake, na mto, na bata bukini juu wakigombana wakienda kusini, na mara moja moja jani likidondoka begani mwa Kangethe naye asijue. Baada ya siku kadhaa akaanza kukingojea. Wakifika darajani alivuta pumzi, mabega yakamshuka, na kichwa chake, ambacho tangu mwezi wa pili kilikuwa kinapiga hesabu za dawa na mashine za hospitali, kikanyamaza.

Na samaki! Mwezi wa kumi samaki wakubwa wanapanda mto ule kutoka ziwani kwenda kutaga. Kuna mahali maji yanashuka kwenye kizingiti cha zege, nao lazima waruke. Luiza alisimama ukingoni akamtazama mmoja, mnene kama paja la mtu, anaruka anaanguka, anaruka anaanguka. Mara ya nne uzalendo ukamshinda. "Ruka, mama! Ruka! Usichoke, ruka!" Alipiga kelele mpaka Mzungu mmoja mwenye mbwa akasimama. Samaki akaruka, akavuka. Luiza akapiga makofi kama yuko uwanja wa mpira, kisha akashika mdomo wake. Tangu Jovito azikwe hakuwa amepaza sauti hata kwa hasira. Kangethe alikuwa ameinamia reli ya chuma, anacheka mpaka kofia imemvuka.

Tuseme wazi: alikuwa na furaha. Mjane wa miezi minane, na kila asubuhi alikuwa na furaha, na aliionea haya. Alimwungamia padri. Padri akamwuliza dhambi iko wapi, akakosa pa kuionyesha.

Theluji ikaja, wakaendelea kutembea, wakipunguza mwendo tu. Machipuko yakaja. Kiangazi kikapita na mbu wake. Wakati wa majani ukarudi, wa pili, na mti ule wa tawi jekundu ukaanza tena, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yaliharibika ukumbini, mbele ya birika la chai, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi.

Kulikuwa na mama mmoja wa Moshi, Skolastika, mpishi wa mandazi. Si mtu mbaya. Moyo wake mzuri, ila ulimi hauna mfupa. Akamwambia Luiza, watu kumi wakisikia, "Mama Leanne, umependeza siku hizi! Nasikia unatembea na Mzee Kangethe?"

"Natembea naye!" Luiza akasema, kwa sauti yake ile safi ya Tanga. "Mwaka mzima sasa. Kila asubuhi, hata Jumapili kabla ya misa."

Watu wakageuza vichwa.

"Kila asubuhi?" akauliza Skolastika.

"Kila asubuhi. Na Bwana Kangethe ana pumzi, usimwone mzee! Mimi ndiye ninayechoka kwanza. Namwambia ngoja kidogo nipumzike, kisha tunaendelea tena. Nimepungua kilo nne."

Jamani. Watu walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga chai. Skolastika alijifunika uso na kanga. Wakenya walipigana mabega. Luiza akacheka nao, akidhani wanacheka kilo nne, akaongeza kwamba Leanne naye aje atembee naye, ingemfaa sana. Kangethe alikuwa mlangoni amevaa koti. Hakucheka. Alitoka nje.

Ni kule kwenye sinki, wakisuuza vikombe, ndipo Skolastika alipomwonea huruma. "Mama Leanne, kweli hujui? Mwanamke akisema anatembea na mwanamume, maana yake…" Akamwambia maana yake, kwa maneno machache, kwa sauti ya chini.

Luiza aliweka kikombe chini. Yaya alimfundisha ngeli zote. Alimfundisha methali na mafumbo na jinsi ya kumwamkia mkubwa. Lakini nani anamfundisha mtoto wa miaka kumi na miwili neno hilo? Watu wanajifunza maneno hayo wakiwa na miaka kumi na sita, kumi na minane, nyuma ya nyumba, wakichekana na wenzao, na miaka hiyo Luiza alikuwa Toronto anajifunza kuvaa glavu. Mwaka mzima na zaidi amewaambia watu, jirani Mtanzania, katibu wa parokia, fundi wa gari Mkenya: natembea na Kangethe, natembea na Kangethe. Uso ulimwaka mpaka masikio yakauma. Hakumalizia vikombe.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku ya pili yake Leanne akapiga simu. Mtu fulani alimwambia mtu fulani aliyesoma na Leanne. Alisema kwa Kiingereza, haraka haraka, kama mtu aliyejiandaa: kama mama yake ana mtu, ni maisha yake, lakini angependa kusikia kwake na si kwa watu. Halafu sauti ikamkatika. "Baba hana hata miaka miwili kaburini, mama."

"Tunatembea tu, mwanangu. Kwa miguu," akasema Luiza.

"Sawa," akasema Leanne, na hiyo sawa ilikuwa ya mtu asiyeamini.

Asubuhi iliyofuata simu ilibipu saa mbili na nusu, na Luiza akashuka bondeni. Kangethe alikuwa kwenye maegesho, mikono mfukoni. Majani yalikuwa yamefika kilele, siku zenyewe zile tano sita ambazo watu wanatoka mbali kuja kuyapiga picha. Luiza hakuyatazama.

"Ulijua maana yake?"

"Ya nini?"

"Usinifanye mtoto. Kutembea na mtu. Ulijua?"

Kangethe akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Nilijua."

"Mwaka mzima!"

"Mwaka na miezi miwili."

"Na ukanyamaza! Mimi nakusahihisha hii na haya kama mwalimu mkuu, na wewe moyoni unanicheka."

"Sijawahi kukucheka, Luiza." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Ningekuambia, ungewacha kuisema. Na mimi nilikuwa napenda vile unaisema."

Hapo Luiza alielewa kila kitu, na si kwamba hakupenda alichokielewa. Moyo ulimruka, kweli uliruka, kama wa msichana. Kisha akaona ukumbi mzima unacheka, akasikia sauti ya Leanne inakatika, akaona jiwe la kaburi la Jovito na jina lake yeye limeshachongwa pembeni likingoja tarehe. Woga ukamshika. Na mtu mwenye woga husema maneno ya kipumbavu.

"Mimi ni mjane wa Jovito," akasema. "Acha maneno yapoe. Wiki moja, mbili, tatu. Na mtu akikuuliza, hata mwanao, sema unatembea peke yako."

Kangethe akaikung'uta kofia. "Peke yangu," akasema. "Haya." Akarudisha kofia kichwani. "Lakini majani hayangoji, Mama Leanne."

Hayangoji. Neno hilo alilipatia, bila kosa lolote la ngeli, na Luiza alilisikia, na hakumsifu. Aliingia garini.

Siku iliyofuata, saa mbili na nusu, simu ikalia mara moja ikakata. Luiza alikuwa jikoni. Hakutoka. Siku iliyofuata tena ikalia. Na iliyofuata. Kangethe hakupiga kuuliza, hakuandika ujumbe, hakumlaumu. Alibipu tu. Natoka nyumbani. Luiza alisimama dirishani na raba zake mguuni, maana alizivaa kila asubuhi, asiniulize mtu kwa nini, akatazama mti wa jirani ukimwaga majani yake kwenye paa la gari. Wiki ya kwanza ukawa nusu. Wiki ya pili ikaja mvua na upepo, mti ukabaki matawi matupu. Mara mbili alifika mpaka mlangoni na funguo mkononi. Mara ya pili aliufungua kabisa, akamwona jirani Mtanzania anatoa taka, akaufunga. Alijiambia: nikimaliza misa ya mwezi wa kumi na moja, watu wakaniona nimekaa peke yangu, watasahau, nitarudi. Alipanga hata atakachomwambia. Atamwambia, Kangethe, samahani. Na atamwita Kangethe tu, bila Bwana.

Asubuhi ya ishirini na mbili simu haikulia.

Saa mbili na nusu, saa tatu kasorobo, saa tatu. Luiza aliichukua akaangalia kama ina chaji. Akasema, haya, amenuna, na nani angemlaumu? Kisha akakasirika: wiki tatu tu na ameshachoka! Siku ya pili haikulia tena. Hasira zikaisha, ikabaki kiburi, na kiburi kikamshika mkono usipige namba ile. Siku ya tatu simu ililia, ikaendelea kulia, haikukata. Alikuwa Skolastika, na alikuwa analia.

Moyo. Alianguka njiani, katikati ya daraja la mbao na daraja la reli, mahali pale pa kutosema. Majani yalikuwa mengi yameloa, mwanzoni watu walidhani ameteleza. Mama mmoja na mbwa wake ndio waliomkuta, na daktari alisema huenda alilala pale saa nzima, pengine zaidi. Kofia ilikuwa bado kichwani.

Luiza aliuliza ilikuwa siku gani. Skolastika akamwambia. Ni siku moja kabla ya ile aliyosema amenuna: alikuwa amebipu, akatoka.

Ibada ya kumuaga ilifanyika ukumbini mle mle, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Nyeri kuzikwa kando ya mke wake. Leanne alikuja kumsindikiza mama yake, bila kuambiwa, akakaa naye mstari wa nyuma. Mtoto wa Kangethe, Muriithi, alikuwa amekuja kutoka Edmonton na karatasi yake. Aliletwa Kanada ana miaka minane. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza, lakini alitaka kusoma kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee, na alisoma akipotea potea.

"Baba alipenda kutembea," alisoma. "Kila asubuhi alitembea bondeni, peke yake. Mimi nilikuwa namuuliza kwa simu, Baba, unatembea na nani? Nilikuwa naogopa kwa sababu ya moyo yake. Wiki zote tatu za mwisho nilimuuliza. Alisema, peke yangu, mwanangu. Natembea peke yangu." Akapangusa pua. "Hiyo inaniuma sana. Baba alikuwa mtu ya watu, na hakuwa na mtu."

Msemaji akauliza kama kuna rafiki mwenye neno. Skolastika, mbele kule, aligeuka akamtazama Luiza, macho mekundu, kisha akainamisha kichwa.

Luiza alisimama. Leanne alimshika mkono wa koti, na Luiza akautoa mkono ule taratibu, kama unavyomtoa mtoto aliyelala juu yako.

"Hakuwa peke yake," akasema.

Watu wote wakageuka. Muriithi akauliza kwa upole, "Mama, samahani, wewe ni nani?"

Angeweza kusema rafiki wa kanisani. Angeweza kusema jirani. Kiswahili kina maneno mengi ya kujificha ndani yake, na yote aliyajua.

"Naitwa Luiza," akasema. "Nilikuwa natembea na baba yako. Mwaka mmoja na miezi miwili." Kila mtu aliyekuwa mle ndani alilisikia neno lile, na maana zake zote mbili, na hakuna aliyekohoa. "Nilimpenda. Sikumwambia."

Leanne aliyekuwa akielewa nusu, siku hiyo alielewa lote. Akaanza kulia.

Muriithi alishuka jukwaani na karatasi yake, akaja mpaka mstari wa nyuma. Alikuwa mrefu kama baba yake. Uso wake ulikuwa umefunguka, ungeona mtu aliyetuliwa mzigo. "Asante," akasema. "Asante sana. Hujui vile umenisaidia." Akatoa kalamu kwenye koti, akaiweka karatasi juu ya kiti. "Itasomwa tena kwa mazishi, Nyeri, Jumamosi. Wacha nisahihishe. Nitaandika alitembea na wewe mpaka mwisho."

Luiza alimshika mkono wenye kalamu.

"Usisahihishe, mwanangu," akasema. "Siku ile nilikuwa nyumbani. Alikuwa peke yake."